ACL kwenye swichi: maswali yanayoulizwa kila siku na mafundi wa mtandao

Haya ni maswali kuhusu ACL (access control list, orodha ya sheria za kuruhusu au kukataa trafiki) ambayo watu wa IT wa ofisi za kawaida hapa Uganda, yaani SACCO, shule, kliniki, hoteli ndogo, wanayauliza tena na tena. Komandi nyingi hapa ni za Cisco IOS maana Catalyst (swichi za Cisco) za mtumba ndo utakutana nazo sana kwenye maduka ya Kampala, ila MikroTik na Juniper tumezigusa pale zinapoenda tofauti.

Mfano utakuwa mmoja ili tusichanganyikiwe: ofisi ya SACCO pale Mbale, swichi moja ya leya 3 inayofanya routing (kupitisha trafiki kati ya mitandao), imegawanywa kwa VLAN, yaani mitandao midogo ndani ya swichi moja. VLAN 10 ni wahasibu na seva ya mikopo (192.168.10.0/24, seva ni .5, hiyo hiyo ndo inatoa DNS, yaani kugeuza majina ya tovuti kuwa anwani), VLAN 20 ni waifai ya wanachama wanaosubiri kwenye benchi (192.168.20.0/24), VLAN 30 ni kamera, VLAN 99 ni ya wewe fundi.

Niko na fayawoli tayari. ACL kwenye swichi ya nini tena?

Fayawoli yako inaona kile kinachotoka kwenda intaneti. Sasa simu ya mwanachama aliyekaa benchi ikitaka kugonga seva ya mikopo, na swichi ndo inafanya routing kati ya VLAN, hiyo trafiki inageukia hapo hapo ndani ya swichi na fayawoli haipati hata harufu. Watu wengi wanagawa VLAN wakidhani wameshatenganisha ofisi, kumbe ukishawasha `ip routing` na kuipa kila VLAN anwani yake umewafungulia wote mlango.

ACL yenyewe si kitu kigumu. Ni mistari, kila mmoja unasema ruhusu au kataa, swichi inasoma kutoka juu kwenda chini na mstari wa kwanza unaolingana na paketi ndo unaamua, ya chini yake haisomwi tena. Na mwisho kabisa kuna deny ambayo hujaiandika na huioni ukipiga `show run`: chochote ambacho hakikutajwa, kinatupwa. Shida karibu zote utakazosoma hapa chini zinatokana na vitu ambavyo mtu hakuviandika, si vile alivyoandika.

Nitumie standadi au ekstendedi?

Standadi (namba 1 mpaka 99, na 1300 mpaka 1999) inaangalia anwani ya anayetuma tu. Ekstendedi (100 mpaka 199, na 2000 mpaka 2699) inaangalia anayetuma, anayetumiwa, protokali na porti. Kuchuja trafiki ya watu tumia ekstendedi, na uipe jina badala ya namba, maana mwaka kesho hutakumbuka 117 ilikuwa ya nini. Standadi ibaki kwa kazi ndogo kama kulinda SSH (njia ya kuingia kwenye swichi ukiwa mbali).

Nipe mfano wa waifai ya wageni unaofanya kazi.

```
ip access-list extended WAGENI_IN
 remark waifai ya wanaosubiri, wasiguse ofisi
 10 permit udp any eq bootpc any eq bootps
 20 permit udp 192.168.20.0 0.0.0.255 host 192.168.10.5 eq domain
 25 permit tcp 192.168.20.0 0.0.0.255 host 192.168.10.5 eq domain
 30 deny ip any 10.0.0.0 0.255.255.255
 40 deny ip any 172.16.0.0 0.15.255.255
 50 deny ip any 192.168.0.0 0.0.255.255
 60 permit ip 192.168.20.0 0.0.0.255 any
!
interface vlan 20
 ip access-group WAGENI_IN in
```

Mistari ya 30 mpaka 50 inafunga anwani zote za ndani zilizotengwa na RFC 1918 ya mwaka 1996, kwa hiyo hata ukiongeza VLAN mpya kesho wageni hawaifikii, huhitaji kurudi kuhariri. Mistari ya 20 na 25 iko pale kwa sababu DNS yao iko kwenye seva ya ndani. Ukiisahau utaona kitu cha kuchekesha, simu inasema imeunganishwa, WhatsApp iliyokuwa wazi inaendelea kidogo, lakini kurasa hazifunguki, na watu wataanza kulaumu kampuni ya intaneti. Kama mnawapa 8.8.8.8 basi hiyo mistari miwili itoe.

Nimeweka ACL na sasa kompyuta mpya hazipati IP. Za zamani ziko sawa. Kwa nini?

Hili ndo swali namba moja. Kompyuta inayoomba IP bado haina anwani, kwa hiyo inatuma kutoka 0.0.0.0 porti 68 kwenda 255.255.255.255 porti 67. Mstari wako wa `permit ip 192.168.20.0 0.0.0.255 any` hauijui 0.0.0.0, basi inaangukia kwenye ile deny ya mwisho. Zile za zamani zinaishi kwa lizi yao (muda zilioazimwa IP) mpaka iishe, ndo maana shida inaonekana kesho yake asubuhi wakati wewe umeshasahau kwamba jana uligusa kitu. Mstari wa 10 pale juu ndo dawa, na uandike hivyo hivyo na `any`, usiubane.

In na out zinanichanganya. Ni ipi?

Jiweke ndani ya swichi, usijiweke kwenye kompyuta. Kwenye `interface vlan 20`, in ni kile kinachoingia kwenye swichi kutoka kwa watu wa VLAN 20, na out ni kile swichi inachowapelekea watu wa VLAN 20. Kwa hiyo kumzuia mgeni asiende popote, in. Kumzuia mtu yeyote asifikie seva za VLAN 10, unaweza kuweka out kwenye VLAN 10.

Mimi napenda in karibu kila mahali. Unakamata paketi pale inapoingia kabla swichi haijahangaika nayo, na ukisoma konfigi baadaye unajua kila VLAN imeruhusiwa kwenda wapi kwa kutazama sehemu moja. Ukichanganya in hapa na out kule, siku ya kutafuta tatizo utazunguka sana.

Nimefunga kila kitu lakini mgeni mmoja bado anaona simu ya mgeni mwingine.

Ndio, maana wako VLAN moja. Trafiki ya ndani ya VLAN moja haipiti kwenye interface vlan, inapita leya 2 tu kutoka porti kwenda porti, kwa hiyo ACL yako ya pale haiioni kabisa. Hapo una njia kama tatu: kuweka ACL kwenye porti yenyewe (kwenye swichi nyingi ndogo kama 2960 inakubali in tu, out haikubali), kutumia `vlan access-map` ambayo inachuja kila kitu ndani ya VLAN, au kwa urahisi zaidi kuweka `switchport protected` kwenye zile porti, zisizungumze zenyewe kwa zenyewe. Kwa waifai, angalia kwanza akses pointi yako, nyingi zina mpangilio wa kutenganisha wateja, washa hiyo kwanza kabla hujaanza kuandika mistari.

Hiyo `vlan access-map` ukiitumia kumbuka haina in wala out, inagusa pande zote, na nayo ina deny yake ya mwisho. Ukimaliza na mstari wa kuangusha bila kuweka wa kupitisha vilivyobaki, VLAN nzima inanyamaza.

Mhasibu anataka kufungua kamera kwenye brauza lakini haifunguki, na mimi sijamzuia mhasibu!

Hujamzuia mhasibu, umezuia jibu. Kwenye VLAN 30 umeandika kamera zisiende VLAN 10, sawa, lakini mhasibu akiomba ukurasa wa kamera, jibu linatoka VLAN 30 kwenda VLAN 10 na linakatwa. ACL ya swichi ni kama askari wa getini asiyekumbuka sura: uliyetoka dakika mbili zilizopita ukirudi anakuuliza upya kama hajawahi kukuona. Fayawoli ndo inakumbuka nani alianza mazungumzo.

Kwa TCP kuna msaada, weka mstari huu juu ya deny:

```
permit tcp 192.168.30.0 0.0.0.255 192.168.10.0 0.0.0.255 established
```

Neno hilo linaruhusu paketi zenye biti ya ACK au RST, yaani zinazoonekana ni za mazungumzo yaliyokwisha anza. Nasema zinazoonekana kwa sababu mtu anaweza kutengeneza paketi yenye ACK ya uongo, kwa hiyo usiione kama ulinzi wa benki. Na kwa UDP haipo kabisa, huko lazima uandike porti ya kurudi mwenyewe, kwa mfano jibu la NTP (ya kupata saa sahihi) linatoka porti 123.

Kuhusu kamera zenyewe tukiwa hapo hapo: zile za bei nafuu zinapenda sana kupiga simu nje kwenda kwenye seva za watengenezaji. Kamera iko VLAN moja na rekoda yake, hiyo trafiki haiguswi na interface vlan, kwa hiyo VLAN 30 unaweza kuikatia karibu kila kitu ukabakiza NTP na mstari wa established, na kurekodi kutaendelea vizuri.

Ile 0.0.0.255 ni nini, kwa nini si 255.255.255.0?

Inaitwa waildikadi maski na imegeuzwa: biti ya sifuri maana yake lazima ilingane, biti ya moja maana yake sijali. Kuipata toa maski ya kawaida kwenye 255 kila sehemu. /26 ni 255.255.255.192 kwa hiyo ni 0.0.0.63. /22 ni 255.255.252.0 kwa hiyo ni 0.0.3.255.

Ubaya ni kwamba ukiandika maski ya kawaida swichi haikatai. Ukiandika `192.168.20.0 255.255.255.0` inaisoma kwamba namba tatu za mwanzo sijali, ya mwisho lazima iwe 0, na inaihifadhi kama `0.0.0.0 255.255.255.0`. Ukiona hiyo kwenye `show run` ujue kilichotokea. NX-OS (ya swichi za Cisco Nexus) inakubali /24 moja kwa moja, na ASA (fayawoli ya Cisco) inatumia maski ya kawaida, kwa hiyo anayeruka kutoka kifaa kimoja kwenda kingine awe macho.

Nataka kuongeza mstari katikati. Nifute niandike upya?

Hapana. Ingia `ip access-list extended WAGENI_IN` halafu andika `35 permit ...` itakaa kati ya 30 na 40. Kufuta, `no 35`. Namba zikijaa piga `ip access-list resequence WAGENI_IN 10 10` zinapangwa upya.

Hii inafanya kazi hata kwa ACL za namba, ingia `ip access-list extended 101`. Usije ukaandika `no access-list 101 permit tcp ...` ukidhani unafuta mstari mmoja, inafuta ACL nzima. Halafu ACL ambayo haipo lakini bado imefungwa kwenye interface inaruhusu kila kitu, hakuna kelele, hakuna alama, watu wanafurahi mtandao umekuwa mzuri. Unapoanza kubandika mistari upya, mstari wa kwanza tu ukiingia ile deny ya mwisho inaamka nao, na kama uko kwa SSH kupitia hiyo interface na mstari wako uko wa nane kwenye orodha, umeshatoka. Toa `ip access-group` kwanza, hariri, rudisha.

Swichi iko Arua na mimi niko Kampala. Nifanyeje nisijifungie nje?

Kabla ya kugusa chochote piga `reload in 10`. Ikikuuliza kama usevu konfigi iliyobadilika, jibu no, hiyo ndo maana yote ya hii mbinu. Weka ACL yako, fungua SSH ya pili mpya uone kama inaingia (ile ya kwanza usiifunge), pima na vitu vingine, kama ni sawa piga `reload cancel` halafu `write memory`. Ukijifungia nje, dakika kumi zikiisha swichi inajiwasha upya na konfigi ya zamani. Ofisi itakaa dakika chache bila mtandao, kwa hiyo fanya saa za jioni, lakini ni nafuu kuliko basi la usiku kwenda Arua.

Kwenye Juniper ni safi zaidi, `commit confirmed 10`, inarudisha konfigi bila kuzima kitu. MikroTik ina Safe Mode, Ctrl+X kwenye teminali, ukikatika inarudisha ulichobadilisha.

Na ofisi ya mbali iwe na kebo ya konsoli ndani ya droo, ile ya bluu, pamoja na adapta ya USB. Spidi ni 9600. Mtu yeyote wa pale anaweza kuichomeka kwenye laptopu wewe ukamwongoza kwa simu.

Umeme ulikatika na ACL imepotea.

Hukusevu. `write memory`, au `copy running-config startup-config`. Ndo hivyo.

Lakini kuna la pili linalohusu umeme na watu hawalijui. Kama unatumia `time-range`, kwa mfano waifai ya wageni ifanye kazi saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, Catalyst nyingi ndogo hazina betri ya saa, zikizimika zinaamka zikidhani ni tarehe 1 Machi 1993. Ratiba yako inaenda na hiyo saa ya uongo. Weka `ntp server` na `clock timezone EAT 3`, na uhakikishe ACL zako zenyewe hazizuii UDP 123. Na ukumbuke kwenye konfigi unaandika 8:00 na 17:00, si saa mbili na saa kumi na moja zetu.

Bosi anasema Facebook ifungwe kwa wafanyakazi. Naandikaje kwenye swichi?

Mwambie bosi kwa heshima kwamba swichi si mahali pake. ACL inaona anwani na porti, haioni majina ya tovuti. Facebook ina anwani nyingi zinazobadilika, na vitu vingi vya intaneti vinapita 443. Ukifunga 443 umefunga na EFRIS, mfumo wa risiti wa URA (mamlaka ya mapato), na mhasibu atakuja juu.

Halafu hebu tuseme ukweli, tuko Uganda. Kodi ya OTT (ya mitandao ya kijamii) ya shilingi 200 kwa siku ilianza Julai 2018, Facebook yenyewe ikafungwa nchini Januari 2021 kuelekea uchaguzi, na tangu hapo hata muuza rolex (chapati ya mayai) wa kona anajua VPN ni nini. VPN inayotoka kwa 443 swichi inaiona kama HTTPS ya kawaida. Kama ni lazima, tafuta fayawoli au DNS ya kuchuja, na hata hapo usimuahidi bosi asilimia mia.

Naweza kumzuia mtu mmoja kwa MAC ya simu yake?

Kwenye Catalyst nyingi `mac access-list` inagusa trafiki isiyo ya IP tu, kwa hiyo utaandika, itakubali, na simu itaendelea kutazama YouTube. Na simu za siku hizi, Android kuanzia 10 na iPhone kuanzia iOS 14, zinatumia MAC ya kubuni kwenye waifai. Tafuta 802.1X (kila mtu anaingia mtandaoni kwa jina na paswadi yake), au ubadilishe paswadi.

Nalindaje swichi yenyewe?

```
access-list 10 permit 192.168.99.0 0.0.0.255
line vty 0 15
 access-class 10 in
 transport input ssh
```

Hapo ni `access-class`, si `access-group`. Na usiishie `vty 0 4` (vty ni milango ya kuingilia swichi ukiwa mbali) kama mifano mingi ya zamani, swichi ina mpaka 15 na zile zilizobaki zitakuwa wazi.

Show access-lists inaonyesha sifuri. Ina maana haifanyi kazi?

Si lazima. Kwenye 3560 na 3750 na ndugu zake, kuchuja kunafanyika kwenye chipu na kaunta hiyo haihesabu paketi za chipu. Pima kwa vitendo: kaa kwenye VLAN 20, jaribu kufikia seva, uone.

Wengine wanaongeza `log` kila mstari wapate kuona. Punguza. Paketi ya kulogi inapelekwa kwa CPU, na CPU ya swichi ni ndogo sana. Kwenye ACL ya porti log haifanyi kitu hata. Na mistari yote inakaa kwenye memori maalum, TCAM, ambayo ni ndogo na haiongezwi; `range`, `gt` na `lt` zinaila haraka. Ikijaa, swichi za zamani zinasukuma kazi kwa CPU na ofisi nzima inakuwa nzito bila sababu inayoonekana. Kama orodha yako imefika mistari mia mbili, hiyo ni kazi ya fayawoli.

MikroTik je?

Kubwa la kujua: huko mwisho ni ruhusu, si kataa. Kisichotajwa kinapita, deny ya mwisho andika mwenyewe. Na kwenye CRS3xx (swichi za MikroTik) trafiki ya leya 2 inayopita kwenye chipu haifiki kwa `/ip firewall`, unaiweka kwenye `/interface ethernet switch rule`, na kuangusha paketi ni `new-dst-ports=""`, yaani isiende porti yoyote. Juniper mwisho wake ni kataa, kama Cisco.

Na IPv6? Sisi hatutumii.

Laptopu zenu zinatumia hata kama nyie hamtumii, zinajipa anwani za fe80 zenyewe. Zikiwa VLAN moja zinaongea kwa IPv6 na ACL yako ya IPv4 haizigusi. Kati ya VLAN, kama hujawasha `ipv6 unicast-routing`, uko salama kwa sasa. Ukiwasha, andika `ipv6 access-list` na uifunge kwa `ipv6 traffic-filter`, si `ip access-group`.

Angalia kitu kimoja. Kabla ya deny ya mwisho ya IPv6, Cisco imeficha mistari miwili inayoruhusu majirani kutafutana, `nd-na` na `nd-ns`. Ukiandika mwenyewe `deny ipv6 any any` mwishoni, labda unataka kuona kaunta, deny yako inakuja kabla ya hiyo miwili na kompyuta hazimwoni tena geti wei. Kama lazima uiandike, tanguliza `permit icmp any any nd-na` na `permit icmp any any nd-ns` juu yake.